TAHADHARI: "Ruzuku" ya wasanii wa nyuzi inayokutangaza mshindi, halafu inakudai ada

Wafumaji, wasukaji, watarizi na wengine wote mnaohangaika na nyuzi, someni hapa kabla hamjajaza fomu nyingine. Kuna matapeli wanazunguka na ruzuku hewa ya miradi ya sanaa za nyuzi. Mimi wamenila mara mbili, na sasa wanatumia kazi yangu kuwala wengine. Nisingeandika kwa sababu ya hela peke yake, maana aibu ilikuwa imeshanifunga mdomo. Hilo la pili ndilo limenifungua.

Jina lao siliandiki. Wameshalibadilisha mara moja na watalibadilisha tena, kwa hiyo ukikariri jina watakupita wakiwa na jina jipya. Kariri mwendo wao.

Mwaka waliponijia nilikuwa nimeomba ruzuku sita na kukosa zote. Anayeijua hali hiyo anaijua: majibu ya mistari mitatu, "tulipokea maombi mengi mazuri", basi. Na sisi wa nyuzi tuna tabu yetu ya ziada. Fomu ya sanaa inakuuliza wewe ni mchoraji au mchongaji. Fomu ya ufundi inakuuliza utauza vipande vingapi kwa mwezi. Wewe una kitambaa cha mita tatu ambacho si cha kuvaa wala cha kutandika. Basi ilipoingia barua pepe kwamba kuna mfuko maalumu wa wasanii chipukizi wa nyuzi, tena wameziona kazi zangu mtandaoni na wananialika niombe, sikujiuliza wamenipataje. Nilichojali ni kwamba hatimaye kuna mtu aliyenitafuta.

Fomu yao ilikuwa nyepesi mno. Jina, nakala ya pasipoti, picha kumi za kazi "zenye ukubwa kamili, bila alama ya msanii", na maelezo ya mradi yasiyozidi maneno 200. Bajeti hawakuitaka. Ratiba hawakuitaka. Siku ya tisa nikawa mshindi.

Ile barua ya ushindi ningali nayo. Inasema jopo la majaji "liliguswa sana na uvumilivu ulio katika mishono yako". Sasa, kitambaa chenyewe hakina mshono hata mmoja. Kimefumwa chote kwenye kitanda cha mfumi, mtande (nyuzi za urefu zinazotandikwa kwanza) wa kitani, mshindio (uzi unaopitishwa katikati yake) wa sufu, na mwishoni kuna matamvua niliyoyafunga kwa mkono fundo kwa fundo. Sindano haikukigusa. Jaji wa sanaa za nyuzi hawezi kuuita mshindio mshono, kama vile mpishi hawezi kuchanganya kuchemsha na kukaanga. Na kosa hilo nililiona siku ileile! Nikasema labda ni tafsiri. Tapeli hakuhangaika kujitetea, kazi hiyo nilimfanyia mimi.

Kisha zikaja ada. Ya kwanza ni "ya kufungua faili", kama asilimia 3 ya ruzuku yote, ilipwe ndani ya saa 48 la sivyo nafasi inakwenda kwa aliyefuatia. Nikalipa kwa kutuma moja kwa moja kwenye akaunti waliyonipa. Ikaja ya pili, "kodi ya zuio". Nikalipa, safari hii kwa kadi. Ilipokuja ya tatu, "bima ya uhamisho wa fedha", nilitua kwenye ile sentensi ya saa 48 nikaona imenakiliwa neno kwa neno kutoka barua ya kwanza, mpaka kosa la tahajia lipo palepale. Hapo ndipo akili ilirudi nyumbani.

Nieleweke vizuri kuhusu ada, maana wengine mtaruka hadi upande wa pili na kukimbia kila tangazo. Si kila ada ni wizi. Yapo mashindano na maonyesho halali yanayotoza ada ya kuingia: imeandikwa kwenye masharti tangu siku ya kwanza, ni sawa kwa kila mwombaji, na inalipwa wakati wa kuwasilisha, kabla jaji hajaona chochote. Binafsi siipendi na nimeacha kuilipa, kwa sababu wako wakubwa wasiotoza: tuzo ya ufundi ya Loewe Foundation (wakfu wa kampuni ya mitindo), iliyoanzishwa mwaka 2016 na inayopokea kazi za nguo na nyuzi, haina ada ya kuingia. Lakini ada inayozaliwa baada ya wewe kutangazwa mshindi ni jambo jingine kabisa. Anayekupa fedha hahitaji umtumie fedha kwanza. Kama kuna gharama ya benki, inakatwa humohumo. Kama sheria inadai kodi, ama mfadhili anaikata kabla ya kukulipa na kukupa karatasi, ama unailipa mwenyewe kwa mamlaka ya kodi. Haipitii kwenye akaunti ya "mratibu".

Wako binamu zao pia, wale wanaojitolea kukuandikia andiko la ruzuku "bila malipo, tutagawana ukipata". Chama cha wachangishaji fedha, Association of Fundraising Professionals, na kile cha waandishi wa maombi ya ruzuku, Grant Professionals Association, vyote vinakataza kwenye kanuni zao za maadili wanachama kulipwa kwa asilimia ya fedha zinazopatikana. Mwandishi wa maandiko anayejiheshimu anatoza kwa saa au kwa kazi. Akikwambia asilimia, na huku anataka "kianzio kidogo tu" ili aanze, funga mazungumzo.

Nilivyokuja kuwachunguza wale wa ruzuku hewa ilinichukua muda mfupi kuliko kutandika mtande, na ndiyo inayoniuma. ICANN, wale wanaosimamia majina ya tovuti duniani, wana ukurasa wa bure ambapo unaandika jina la tovuti na kuona lilisajiliwa lini. Wakfu uliodai kusaidia wasanii kwa miongo miwili ulikuwa na tovuti ya miezi miwili. Picha za majaji nazo nilizipandisha kwenye utafutaji wa picha. Mmoja ni daktari wa meno. (Tabasamu lake zuri, sina ugomvi naye.) Na anwani ya barua pepe: nilikuwa naangalia jina la mtumaji tu, sikubonyeza kuona anwani yenyewe. Walikuwa wameazima jina la taasisi halisi na kuongeza kistari kimoja katikati. Ukibonyeza "jibu", jibu linakwenda kwenye anwani nyingine ya bure kabisa, isiyofanana na ile ya juu.

Halafu kuna washindi waliotangulia. Hili ndilo ningewaomba mlifanye hata kama mtaacha mengine yote. Waandikieni washindi, lakini kwa anwani mliyoitafuta wenyewe kwenye kurasa za wasanii hao, si ile mliyopewa na mfadhili. Najua kwa sababu mimi mwenyewe nimo. Mwezi uliopita mfumaji nisiyemjua aliniandikia kwa adabu sana kunipongeza, akauliza ilichukua muda gani fedha kunifikia baada ya kulipa ada ya faili. Fedha gani? Akanitumia kiungo. Kwenye ukurasa wa "washindi wetu" kulikuwa na jina langu, kazi yangu, na maneno ya shukrani ambayo sijawahi kuyasema. Ndiyo maana walitaka picha kubwa zisizo na alama. Yule alikuwa amebakiza kubonyeza kitufe cha kulipa. Aliuliza, akapona. Sijui wangapi hawakuuliza.

Kwa hiyo siku hizi maombi ya awali nayapelekea picha ndogo, zinazotosha kuonekana kwenye skrini na zisizofaa kuchapishwa: moja ya kazi nzima, moja ya karibu inayoonyesha uzi ulivyopita. Pasipoti na namba ya akaunti havitoki kwangu mpaka kuwe na mkataba uliosainiwa.

Kama umeshalipa, wahi benki leo, usisubiri wikiendi iishe. Malipo ya kadi yanaweza kupingwa, na yale yangu ya pili yalirudi. Yale ya kwanza, niliyotuma moja kwa moja, sijayaona tena. Aliyelipa kwa kadi za zawadi au sarafu za mtandaoni hali yake ni ngumu zaidi. Kisha kaa chonjo, kwa sababu wiki mbili baada ya mimi kuripoti alinijia "mwanasheria" anayeweza kunirudishia hela zote, kwa ada ndogo. Orodha ya waliolizwa nayo inauzwa, na watu walewale au rafiki zao wanarudi kwa mlango wa nyuma.

Baadaye nilipata ruzuku ya kweli, ndogo kuliko ile hewa, na tofauti ilikuwa kwenye usumbufu. Walinirudishia bajeti. Nilikuwa nimehesabu uzi wa mita tatu za kitambaa nikasahau ule unaobaki umefungwa kwenye kitanda cha mfumi mwishoni, ambao haufumiki. Mtu mmoja ofisini kwao aliona mtande hautatosha, akauliza. Wakauliza pia kwa nini sijajilipa mwenyewe, nani atapiga picha, kazi itasafirishwaje. Fedha zilikuja kwa awamu, na ya mwisho waliishikilia mpaka nilipopeleka ripoti na stakabadhi. Wale wengine hawakuwahi kuniuliza hata uzi wa rangi gani.

Ule ukurasa umefungwa baada ya kampuni inayouhifadhi kupata malalamiko yetu, na umeshafunguliwa upya kwa jina jingine. Ukiuona utautambua. Kuna kitambaa cha buluu na kahawia kilichowekwa kichwa chini, matamvua yakiwa juu. Ni changu, na sijapewa chochote kwa ajili yake.