Kitabu cha mwongozo wa mji: angalia mgongo kwanza, picha baadaye

Wanaoagiza vitabu vya mwongozo wa safari kutoka Dar kuja Mtwara na Lindi wana lalamiko moja. Kitabu kimefika kizuri, picha zinang'aa, lakini ukishashuka mjini na kufungua ramani, mtaa unaoutafuta umemezwa pale kurasa mbili zinapoungana. Watu huulizia picha na bei. Mgongo hawauangalii.

Chukua ramani ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ya skeli 1:5,000. Sentimita 1 ni mita 50. Kitabu kigumu kisicholala bapa kikimeza sentimita 1 kila upande, umepoteza mita 100 za vichochoro, na huko mita 100 zinatosha kukupoteza kabisa. Kwa ramani ya Istanbul ya 1:10,000, hasara ni mita 200.

Kupima ni rahisi. Kitazame kitabu kwa juu, kurasa zinapoingia mgongoni. Ukiona vifungu vya karatasi zilizokunjwa, fungua katikati ya kifungu kimoja utafute uzi. Ukiuona, kimeshonwa, nacho hulala bapa kuliko cha gundi tupu. Vifungu peke yake visikudanganye, maana vingine hupigwa gundi bila kushonwa. Kisha fungua ramani, ikandamize kwa kiganja, ufuate mtaa mmoja kwa kidole kutoka ukurasa wa kushoto hadi wa kulia. Mchapishaji makini huacha ukingo mweupe katikati, au hurudia kipande kile kile cha ramani pande zote mbili. Kidole kikipotea njia, rudisha kitabu.

Gundi ina ubaya mwingine kwa joto letu. Kitabu kikiachwa kwenye dashibodi juani, gundi hulainika, na baada ya muda kurasa huanza kutoka moja moja. Karatasi ya picha nayo imepakwa udongo laini ili ing'ae. Ikiloa, kurasa hugandana. Zitenganishe zikiwa bado mbichi, uweke tishu kati yake. Ukisubiri zikauke, picha itabanduka na kubaki upande wa pili. Kwa hiyo kati ya Desemba na Aprili mwambie anayekutumia mzigo kwa basi akifunge nailoni mbili.

Kwa safari ya siku chache, namba moja kwangu ni DK Eyewitness Top 10, na sioni cha kuikaribia. Ni nyembamba, inaingia mfuko wa koti, na matoleo mengi huja na ramani ya kukunjua, ambayo haina mgongo wa kumeza mtaa. Mwenye wiki nzima achukue DK Eyewitness kubwa: majengo yamechorwa yakiwa yamepasuliwa ubavu, ukaona ngazi iko wapi na kuba limekaa juu ya nini. Hata asiyejua Kiingereza sana anaelewa Hagia Sophia, ule msikiti wa kale wa Istanbul, ilivyojengwa. Ni nzito, na ramani zake lazima zipite mtihani wa kidole.

Ya pili ni Lonely Planet Pocket, maelezo ya usafiri yakiwa mazuri kuliko picha. Michelin ya kijani inafuata: hupanga vivutio kwa nyota, tatu ndizo za juu, na huwa haikosei sana. Kwa Zanzibar nunua Bradt, ingawa picha zake ni chache. Vya mtumba ni sawa kama ramani ya kukunjua bado imo, na mara nyingi haimo. Nakala za kutoa kopi acha.

Wauzaji ndio wanaoudhi. Wanakutumia picha ya jalada tu, kisha wanadai kitabu ni kipya kwa sababu hakijafunguliwa. Wadai picha nne: ukurasa wa hakimiliki, jalada la nyuma, mgongo kwa juu, na ramani ikiwa wazi. Bei ya pauni au dola mara nyingi imechapwa nyuma karibu na msimbo wa mistari. Piga hesabu, ongeza usafirishaji, na anayetaka mara mbili ya hapo muache na kitabu chake. Mwaka wa kuchapwa upya haumaanishi habari ni mpya, tafuta mwaka wa toleo. Au pima kwa yaliyomo. Hagia Sophia ikiitwa makumbusho badala ya msikiti, kitabu ni cha kabla ya Julai 2020. Kikikushusha uwanja wa ndege wa Atatürk badala ya uwanja mpya wa Istanbul, ni cha kabla ya Aprili 2019. Jumba la Beit al-Ajaib la Zanzibar likionyeshwa zima, bila neno juu ya kuporomoka kwa Desemba 2020, mwambie muuzaji apunguze bei.

Na kama tayari unacho cha gundi, usikivunje mgongo ili kilale. Nenda nacho steshenari, toa kopi ya kila ukurasa wa ramani peke yake, mtoa kopi akikandamiza upande wa mgongo bila kuuvunja. Ziunganishe kwa selotepu, na mitaa iliyokatika ijazie kwa kalamu ukitazama ramani ya simu kabla hujaondoka nyumbani, bando likiwa bado lipo.