Kichujio cha maji cha hatua nne kwa tangi jipya la maji ya chumvi: tathmini kutoka Nakuru

Yeyote anayeanzisha tangi la samaki wa baharini hapa Nakuru atakutana na mwani kabla hajaanza kuwafurahia samaki wake, na swali la kwanza analopaswa kujiuliza si dawa gani anunue bali maji anayoyatia ndani yametoka wapi. Tathmini hii inahusu kifaa kimoja tu, yaani kichujio cha hatua nne ambacho wengi wetu hukiita mashine ya RO (reverse osmosis, yaani kusukuma maji yapite kwenye utando unaozuia madini), nilichokinunua kwa muuzaji wa Nairobi na kukifunga nyumbani ili kitengeneze maji ya tangi la lita 200. Nimekitumia tangu tangi lilipokuwa na mchanga na mawe makavu tu, na kwa maoni yangu ndicho kifaa ambacho mwenye tangi jipya katika mji huu anapaswa kukinunua kabla ya taa za bei ghali, mradi ajue kwamba hakitafanya kazi ipasavyo bila pampu.

Sababu ya kusisitiza mji huu ni kwamba sehemu kubwa ya maji yetu hutoka katika visima virefu vilivyochimbwa kwenye miamba ya volkeno. Habari ya floraidi, madini ya majini yanayoharibu meno, kila mkazi anaijua, kwa kuwa imeonekana kwenye meno ya watoto kwa vizazi vingi, na Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imefanya kazi kubwa ya kuipunguza kwa vichujio vya mkaa wa mifupa. Kisichozungumzwa sana ni silika, ambayo huyeyuka kutoka katika miamba hiyohiyo na haimdhuru anywaye maji, lakini ndiyo malighafi ambayo diatomu hutumia kujijengea magamba. Diatomu ndizo zile chembe za mwani za rangi ya kahawia ambazo hutanda kwenye mchanga na vioo vya tangi jipya. Anayetaka kuona jinsi zinavyoweza kustawi katika Bonde la Ufa na afike Kariandusi, karibu na Gilgil, ambako huchimbwa daiatomaiti: ule udongo wote mweupe na mwepesi ni magamba ya diatomu zilizoishi katika ziwa la kale.

Maji ya tangi, zaidi ya hayo, hupungua kila siku kwa kugeuka mvuke, na hewa yetu kavu ya Januari na Februari huyachukua kwa kasi. Kinachoondoka ni maji matupu. Chumvi, silika na fosfeti, ambayo ni chakula cha mwani, hubaki. Kwa hiyo kila unapoongeza lita mbili za maji ya bomba kufidia zilizopotea, unaongeza pia madini yaliyomo, na haba na haba hujaza kibaba.

Kifaa chenyewe ni vikopo vinne vilivyopangwa kwenye kibao cha chuma. Cha kwanza huzuia mchanga na tope. Cha pili ni cha kaboni, ambacho huondoa klorini ili isiuharibu utando. Cha tatu ndicho chenye utando wenyewe, ambao huzuia zaidi ya asilimia 95 ya madini yaliyoyeyuka. Na cha nne hubeba resini, punje ndogo za rangi zinazokamata mabaki yaliyoponyoka. Hatua hiyo ya nne ndiyo inayokitofautisha na mashine za maji ya kunywa, nayo haifai kuachwa ili kupunguza bei, kwa sababu sehemu ya silika hupenya utando na resini ndiyo huisubiri upande wa pili.

Muuzaji hakunieleza lolote kuhusu msukumo wa maji, na hili naliona kuwa kasoro kubwa ya huduma yake. Utando wa aina hii huhitaji msukumo wa takriban baa tatu hadi nne, ilhali maji yanayoshuka kutoka kwenye tangi lililoinuliwa hupata baa moja kwa kila mita kumi za kimo, na nyumba nyingi za hapa zina tangi lililo mita tano au sita tu juu ya bomba. Fundi wa mabomba aliyekuja kukifunga alitazama bomba, akatazama mnara wa tangi, kisha akaniambia, “Mwalimu, hii mashine bila pampu itakuchosha. Maji yatatoka, lakini mengi yatakwenda kwenye mtaro.” Alisema kweli. Tulipokijaribu kabla ya pampu, maji safi yalidondoka tone moja moja, na kipimo cha madini kilikuwa juu kuliko ilivyostahili, kwa maana utando usiosukumwa vya kutosha huchuja polepole na huchuja vibaya. Baada ya kuongeza pampu ndogo ya umeme, mkondo ulikuwa mwembamba lakini usiokatika, na kipimo kikashuka hadi sifuri. Hata hivyo usitarajie kile kiasi cha lita 280 kwa siku kilichoandikwa kwenye kasha, kwani hicho hupimwa kwa maji ya nyuzi 25, nayo maji yetu ya asubuhi ni baridi zaidi ya hapo.

Kuhusu mwani, ambao ndio uliofanya ninunue kifaa hiki, matokeo yamenitosheleza. Diatomu zilikuja, kama zinavyokuja karibu katika kila tangi jipya, kwa kuwa mchanga na mawe nayo hutoa silika kidogo. Ila zilitanda kama vumbi jembamba ambalo nililifuta kwenye kioo kwa kidole, likaachia mara moja, na zilitoweka zenyewe bila dawa. Rafiki yangu wa mtaa wa Section 58 aliyejaza tangi lake kwa maji ya kisima bado anasugua vioo kila juma, na mchanga wake una rangi ya chai. Matangi mawili hayatoshi kuwa ushahidi wa kisayansi, lakini yanakubaliana na yanayojulikana kuhusu chakula cha viumbe hawa.

Baada ya diatomu ulifuata mwani wa kijani ulio kama nywele, nao kifaa hiki hakiuzuii. Chanzo chake kwangu kilikuwa fosfeti iliyofungika ndani ya mawe makavu, pamoja na chakula cha samaki. Huo nilipambana nao kwa njia zilizozoeleka: kuung'oa kwa mkono na kuufyonza kwa mpira wakati wa kubadilisha maji, kupunguza muda wa taa hadi saa saba kwa siku, kulisha kidogo, na kuwaingiza konokono wa baharini wa jamii ya Trochus baada ya amonia na naitraiti, sumu zitokanazo na uchafu wa tangi, kufika sifuri. Subira hapa ni ya lazima, kwa sababu bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti na kisha naitreti huchukua kwa kawaida wiki nne hadi sita kujijenga. Wala lengo lisiwe kuifuta kabisa naitreti na fosfeti, maana tangi lililokaushwa virutubisho vyote huweza kuvamiwa na viumbe wabaya zaidi. Ute mwekundu unaoteleza mchangani nao si mwani hasa bali ni sayanobakteria, jamii moja na viumbe ambao heroe wadogo wa Ziwa Nakuru huwala. Hupungua maji yakizungushwa vyema na uchafu ukiondolewa.

Gharama ya kuendesha kifaa inapaswa kuangaliwa kwa makini. Chujio la tope huziba haraka msimu wa mvua ndefu, lakini bei yake si kubwa. Resini ndiyo ghali, na ndiyo yenye hila. Hubadilika rangi kuanzia chini kwenda juu kadiri inavyochoka, na maelekezo ya kwenye kasha yanamruhusu mtumiaji kusubiri hadi kikopo chote kigeuke. Mimi sishauri hivyo. Silika hushikwa na resini kwa ulegevu, hivyo ndiyo miongoni mwa vitu vinavyoanza kuponyoka, na kwa kuwa haina chaji ya kutosha ya umeme, mita ya kupima madini haiioni. Itaendelea kusoma sifuri huku diatomu zikirudi. Ninabadilisha resini rangi inapopita nusu ya kikopo.

Jambo jingine ni maji ya kutupwa, ambayo ni lita tatu hadi nne kwa kila lita moja safi. Kwetu tunayatumia kupiga deki na kusafishia choo. Yasinywewe na mtu wala mifugo, kwa maana floraidi iliyozuiwa na utando imejikusanya humo.

Wapo wanaouliza kwa nini nisinunue maji ya mitungi katika maduka ya kujaza maji yaliyoenea mjini. Kwa tangi dogo la lita 40 au 50 ningekubali, baada ya kuyapima kwa mita, ingawa maduka hayo huandaa maji ya kunywa na hayana sababu ya kuondoa silika yote. Baadhi huongeza madini makusudi kwa ajili ya ladha. Dawa za chupa za kuua mwani siziungi mkono hata kidogo, hasa zile zenye shaba, ambayo huwaua konokono, kamba na matumbawe, huku virutubisho vilivyoulisha mwani vikibaki vilevile ndani ya maji.

Kwa jumla ya alama kumi nakipa kifaa nane. Moja imepotea kwa viungio vya plastiki vilivyovuja hadi fundi alipovikaza upya kwa utepe wa mabomba, na nyingine kwa muuzaji, ambaye hadi sasa haniuzii resini pekee bali hunitaka ninunue kikopo kizima, ilhali kile cha zamani kinafunguka kwa mkono na kujazwa upya bila shida.