Zawadi za bustani kwa mtoto anayependa maua: nimezijaribu hapa Moshi

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo nipo nyuma ya nyumba hapa Moshi, na mezani nimepanga vitu ambavyo mzazi, shangazi au babu huuziwa akisema anamtafutia zawadi mtoto anayependa maua. Atakayepewa ni mpwa wangu, binti wa miaka 8, ambaye safari hii hakutaka mwanasesere wala viatu. Ameomba bustani yake mwenyewe ya maua. Ombi la namna hiyo ni la kuheshimiwa, kwa hiyo nimevitoa vyote kwenye makaratasi yake, nimevitia udongoni, na nitawaambia kipi cha kununua na kipi mkiache dukani.

Kipimo changu ni kimoja tu. Mtoto akikishika mwenyewe, bila mkubwa kumsaidia, kazi inafanyika? Akichimba na udongo usichimbike, akimwagilia na maji yakaondoka na mbegu, ataikinai bustani kabla hajaona hata ua moja.

Tuanze na hii seti ya plastiki, maana ndiyo iliyojaa madukani. Ina koleo, reki na keni ndogo, vyote kwenye mfuko wa wavu, na rangi zake zinavutia kweli. Sasa tazameni. Huu ni udongo wetu mwekundu ambao haujanyeshewa siku hizi. Nakandamiza koleo… mnaona? Ncha inajikunja. Sogeza kamera hapa kwenye shingo, pale mpini unapokutana na koleo. Pamepauka, pamekuwa peupe. Plastiki ikishapauka hivyo, ndipo itakapokatikia. Seti hii inamfaa mtoto wa miaka mitatu anayechezea mchanga. Kwa mtoto anayetaka kuotesha kitu, siipendekezi.

Kwa pesa hiyo, mimi nanunua kifaa kimoja cha chuma. Hiki kijembe kimefuliwa na wahunzi wa Mamba, kule njia ya Marangu, ambako kazi ya uhunzi ni urithi wa tangu enzi za mikuki. Mwambie fundi kabisa kwamba ni cha mtoto: bapa lisizidi upana wa kiganja, pembe zake azifanye za mviringo, na makali asiyanoe. Mpini uwe mfupi, kama urefu wa mkono wake kutoka kwenye kiwiko hadi ncha za vidole, kwa sababu mtoto hupalilia akiwa amechuchumaa. Ukifika nyumbani pitisha msasa kwenye mpini wote. Vibanzi vya mti ndivyo vinavyomtoa mtoto machozi siku ya kwanza.

Sasa tuje kwenye keni ya kumwagilia, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunueni hiki. Kumwagilia ndiyo kazi ambayo mtoto ataifanya kila siku. Kuchimba atachimba mara moja.

Kwanza angalieni uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Keni ya shambani ya lita 10 ikijaa inapita kilo 10, na mtoto wa miaka 8 mwenyewe ana kilo 25 hivi. Hata ile ya lita 5 ataiburuta, na njiani nusu ya maji itaishia kwenye sketi. Tafuteni ya lita moja na nusu, isizidi mbili.

La pili, ambalo watu wengi hawalitazami, ni kichwa chenye matundu. Nina sado mbili hapa, yaani ndoo ndogo, zote nimetia udongo na mbegu juujuu. Ya kwanza naimwagilia kwa keni iliyotoka kwenye ile seti. Ina matundu sita tu, makubwa. Angalieni maji yanavyochimba shimo katikati, na hizo mbegu zinaelea, zinakimbilia ukingoni. Zitaota zote upande mmoja, zikisongana. Sasa hii nyingine, ya bati, kichwa chake kina matundu madogo mengi, na nimekigeuza kitazame juu. Maji yanapanda kidogo, halafu yanashuka taratibu. Udongo umelowa wote, mbegu hazijahama. Tofauti ni hiyo, na mtoto ataiona mwenyewe bila kuhubiriwa.

Hizi za bati hutengenezwa na mafundi bati. Kabla hujalipa, pitisha kidole polepole kwenye ukingo wa mdomo. Ukisikia panakwaruza, mwombe fundi aukunje tena. Halafu itie maji uisubiri kidogo, uone kama maungio hayavuji. Na kichwa kiwe cha kuchomoka, maana takataka zitaziba matundu.

Na kama mfuko hauruhusu, chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, pasha sindano moto, kisha toboa nayo kifuniko matundu mengi. Inamwagilia vizuri kuliko ile keni ya seti. Kazi ya kutoboa ifanywe na mkubwa.

Mbegu. Hapa kuna kisanduku kizuri sana kilichoagizwa mtandaoni, kina picha za tulipu na lavenda. Kwa mtoto wa Moshi au Arusha, nawasihi msikinunue. Tulipu hupandwa kwa kitunguu chake, na kitunguu hicho kinahitaji baridi kali kwa wiki 12 au zaidi ndipo kitoe ua. Sisi baridi hiyo tunaitazama kule juu mlimani, bustanini haipo. Ukipanda kwa mbegu, utangoja miaka. Lavenda nayo huota kwa kusuasua, na mwaka wa kwanza maua yake ni haba. Zaidi ya hayo, mbegu zinazoingia kutoka nje zinatakiwa kuwa na kibali cha TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo makao yake yako hapo Arusha. Utaratibu huo unatulinda sote na magonjwa ya mimea.

Mpeni alizeti na zinia. Mbegu ya alizeti ni kubwa, mtoto anaishika kwa vidole viwili, anaichomeka sentimita mbili au tatu, na ndani ya wiki moja au siku 10 inachomoza ikiwa bado imevaa ganda lake kichwani. Hicho kiganda peke yake kinatosha kumwita bustanini kabla ya shule. Ikiwa changa hulifuata jua mchana kutwa, na ikishakomaa hubaki imetazama mashariki. Mwambieni aichunguze, msimpe jibu. Zinia ni wepesi zaidi, siku nne hadi saba imeota, na wiki nane hivi tangu kupandwa huwa na maua. Ukilikata ua juu ya majani mawili, shina linatoa matawi na maua mengine. Kwa mtoto anayetaka kumpelekea mwalimu maua, hilo ni jambo kubwa. Na msisahau kumsimulia kwamba Januari 2016 zinia ilichanua kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, huko juu ambako hata maji hayamwagiki.

Mbegu za alizeti zipo kwenye maduka ya pembejeo. Ile ya kukamua mafuta, aina ya Rekodi kwa mfano, inatoa ua zuri tu. Lakini sikilizeni vizuri: mkiona mbegu zina rangi ya waridi, nyekundu au kijani kibichi iliyopakwa, hizo zimetiwa dawa. Ni sumu. Mtoto asizishike, maana ataitia moja mdomoni akidhani ni zile za kutafuna. Ombeni zisizo na dawa, na msome tarehe ya mwisho kwenye pakiti.

Ongezeni mche mmoja ambao tayari una vikonyo vya maua, kutoka vitalu vya kando ya barabara, ili siku ya zawadi awe na kitu cha kutazama wakati mbegu ziko chini. Mwulizeni mwenye kitalu kama mche una sumu. Oleanda na yale maua marefu yanayoning'inia kama tarumbeta, ambayo huku milimani watu huyapanda uani, yana sumu kali. Yasiingie kwenye bustani ya mtoto.

Glavu sijapata zinazomtosha. Anawe mikono kwa sabuni, basi. Gambuti ndogo nimezipata soko la mitumba la Memorial hapa Moshi, safi kabisa, na msimu wa masika atazihitaji. Vyungu vya duka si lazima. Sado kuukuu iliyotobolewa chini inatosha, ijazwe udongo sehemu mbili, samadi iliyooza vizuri sehemu moja na mchanga sehemu moja. Samadi mbichi itaunguza miche.

Jambo moja la kuzingatia kabla hamjaenda dukani ni tarehe ya zawadi yenyewe. Ikiangukia Machi au Novemba, mvua ipo, mbegu zitakwenda vizuri, ila katika masika mazito sado ziwekwe chini ya upenu zisije zikafurika. Ikiangukia Juni au Julai, mawingu yameshuka, jua ni la kubahatisha na alizeti itachelewa. Hapo fedha nyingi iende kwenye miche miwili mitatu, na mbegu mzifunge kwenye karatasi kavu, mtoto azipande jua likirudi.