Baiskeli ndani ya Msitu wa Magamba, Lushoto: njia nyota tano, baiskeli ya kukodi nyota mbili

Kama uko Dar, Tanga au Arusha na unajiuliza iwapo inafaa kupanda Lushoto kwa ajili ya baiskeli tu, jibu langu ni ndiyo, nenda. Ila kama una baiskeli yako mwenyewe, nenda nayo. Makondakta wa mabasi ya Lushoto wamezoea mizigo ya ajabu kuliko hiyo. Utalipia kidogo, itafungwa juu ya karia au itasukumwa kwenye buti, na utafika ukiwa na chombo unachokijua.

Mimi nilikodi. Nilichukua safari ya siku nzima kwa kikundi kimoja cha waongoza watalii pale mjini (jina naliacha, kwa sababu lawama zangu nimezisikia kwa waliokodi kwingine pia). Bei waliyonitajia ilikuwa na mwongozaji, baiskeli, helmeti na chakula cha mchana. Kiingilio cha msitu hakimo, hilo uliza mapema. Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), kwa hiyo hakuna mtu wa kumpa hela mkononi: unapewa kontroli namba, unalipa kwa simu, risiti unayo. Beba kitambulisho, maana bei ya Mtanzania na bei ya mgeni haziko karibu hata kidogo. Na hayo malipo yamalize ukiwa bado mjini, mtandao huko juu unakuja na kuondoka unavyotaka.

Sasa baiskeli. Ni mtumba wa Ulaya, fremu za watu warefu. Mimi si mrefu, na kiti kilikuwa kimeshushwa mpaka mwisho lakini bado nilipanda kwa kuruka. Hilo ningevumilia. Nilipoibana breki ya nyuma, mkono wake ulifika mpaka kwenye usukani na gurudumu likaendelea kuzunguka kama hakuna kilichotokea. Nikainama kuangalia: raba zimelika, chuma kinakwangua rimu. Nikamwita mwongozaji.

"Dada, usiwe na wasiwasi, asubuhi yote ni kupanda tu."

"Na mchana tunarudije, kaka?"

Akacheka, nami nikacheka, lakini sikusogea. Tukaenda kwa fundi baiskeli jirani na soko, akafunga raba mpya mbele na nyuma, akakaza waya, akaitia cheni mafuta. Waliokuwa na baiskeli ndio waliolipa, baada ya maneno mawili matatu. Nawaambia hivi kwa undani kwa sababu ndiyo sehemu ambayo mgeni mwenye haya hunyamaza. Usinyamaze. Zungusha magurudumu yote mawili, bana breki, badilisha gia zote ukiwa bado barabarani, uliza kama wana pampu na tyubu ya akiba. Kwenye mfuko wa mwongozaji wangu kulikuwa na pampu. Tyubu haikuwemo, tukainunua.

Kutoka mjini, ambako uko kama mita 1,400 juu ya bahari, unafuata barabara kubwa hadi kijiji cha Magamba, na ni kupanda kweli. Fuso za kabichi na karoti zinashuka kutoka Lukozi kwa fujo, kaa kushoto. Kipande hiki hakina raha yoyote, na mtu anayeona pumzi yake haitoshi anaweza kupanda na bodaboda, baiskeli ikafungwa nyuma. Nimeona wengi wakifanya hivyo na hawakosi kitu.

Utamu unaanzia ukishaingia msituni. Baridi inakukumbatia ghafla, jua linakuwa vipande vipande, na kelele za injini zinakatika. Njia kubwa humo ndani ni barabara za zamani za kukokota magogo, kutoka enzi ambazo mikulo na mipodo ilikuwa ikipasuliwa mbao. Siku hizi zimefunikwa na majani na zimesinyaa. Kuna mahali baiskeli mbili haziwezi kwenda sambamba. Msitu unapanda mpaka zaidi ya mita 2,200, kwa hiyo hata mwenye miguu ya chuma atateremka na kusukuma mahali fulani. Ardhi ni laini, inameza mshindo, halafu bila taarifa inakuletea mzizi mnene kama mguu wa mtu, umelala mshazari na una maji juu yake. Huo usiukate kwa pembe. Unyooshe usukani, simama juu ya pedeli, achia breki, uvuke. Ukiubania breki pale juu, gurudumu la mbele linaondoka na wewe unabaki.

Na udongo ule mwekundu wa Usambara, ukiloa, ni mtihani mwingine. Unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka kabisa, na inabidi uchomoe kijiti uanze kukwangua, hatua chache umejaa tena. Kwa sababu hiyo masika, Machi mpaka Mei, sikushauri hata kidogo. Juni hadi Septemba njia ni kavu zaidi, ila beba sweta la maana, si lile la kupigia picha. Ukungu unaweza kukufunika saa nne asubuhi usione mwenzako aliye mbele.

Mwongozaji, tofauti na baiskeli yake, nampa alama zote. Kijana wa Kisambaa aliyekulia pembezoni mwa msitu, anaujua mti mmoja mmoja. Alifunga breki ghafla (breki mpya, tumshukuru fundi) kwa ajili ya kinyonga aliyekuwa akivuka njia: wa kijani, mwenye vipembe viwili puani. Akasema huyo ni wa Usambara. Akamngoja avuke. Unajua kinyonga anavyovuka. Tulisimama pale muda mrefu, na sikuona ubaya. Mbega tuliwaona juu ya miti, mikia myeupe inaning'inia. Alinionyesha pia yale maua madogo ya zambarau yanayoota kwenye miamba yenye unyevu, jamii ile ambayo Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani wa Tanga, aliipeleka kwao miaka ya 1890 na leo imejaa kwenye madirisha ya Ulaya. Wajerumani waliuita mji wa Lushoto Wilhelmstal, na huko msituni wameacha handaki la wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Tulilipita haraka, kulikuwa na matope.

Kushuka upande wa kijiji cha Migambo ndiko kulikonifanya nisahau kero zote. Unatoka gizani na kuingia kwenye mashamba ya mtelemko, njia nyembamba inapita katikati ya kabichi na maharage, halafu uani kwa watu. Hapo punguza mwendo. Ni njia za watu kabla hazijawa za baiskeli: kina mama wana kuni kichwani, hawawezi kukukwepa, wewe ndiye wa kusimama pembeni na kutoa shikamoo yako. Watoto walinikimbiza wakipiga kelele "mzungu mweusi!" mpaka bibi mmoja akawafukuza kwa Kisambaa, sijui aliwaambia nini lakini walitawanyika.

Chakula cha mchana kilikuwa chapati, parachichi na yai la kuchemsha. Kwa pesa niliyotoa nilitegemea zaidi. Maji beba ya kwako.

Mwenye siku mbili aendelee Shume, apite msitu wa kupandwa wa misonobari, Lukozi, mpaka Mtae, ambako milima inakatika na nyika ya Mkomazi iko chini kabisa. Lala huko, usirudi usiku. Anayeanza baiskeli za milimani asianzie Magamba. Aende kwanza Irente, ni karibu na mji, barabara ni pana, na mwisho wake unasimama juu ya jabali unayatazama mashamba ya mkonge ya Mazinde.

Jioni waliniuliza kama ningependa kesho yake kuteremka hadi Mombo kwa baiskeli, kilomita zaidi ya 30 za lami kupitia Soni. Nilikataa. Kona ni kali, barabara ni nyembamba, na mabasi yanapanda yakiwa na haraka zao. Nilishuka na basi.