Tahadhari: seti ya matairi makubwa "tayari kufunga" ikiwa imeshafungwa kwenye rimu

Wakuu, kama una Escudo, RAV4, X-Trail au gari lolote la aina hiyo, na umeanza kusimama njiani kutazama magari ya wenzako yaliyonyanyuka, tairi nene, meno kama ya mamba, nisomeni kabla hamjatuma hela. Mimi nimelizwa laki tisa na ishirini. Na katika yote, hela ndiyo iliyouma kidogo.

Gari langu ni Escudo ya kijivu, ule muundo ulioanza kutoka 2005. Ni gari la kwanza maishani mwangu, nililinunua mkononi mwa mtu. Kila nikienda kumsalimia mama upande wa Lushoto, kuanzia Dar mpaka mjini pale hakuna shida, shida ni kile kipande cha vumbi cha kuingia kijijini, ambapo gari linaburuza tumbo kama nyoka. Nikajisemea hapa dawa ni tairi kubwa. Bajeti yangu ilikuwa laki nane, na ujuzi wangu wa matairi ulikuwa kuyapiga teke.

Tangazo nililiona Instagram. Tairi nne 245/75R16 pamoja na rimu, "seti tayari kufunga, dakika 20 unaondoka", 720,000. Kwa bei nilizokuwa nimeulizia madukani, hela hiyo isingenipatia hata tairi tatu mpya za saizi hiyo, achilia mbali rimu. Nikaona Mungu kanikumbuka.

Sitaji jina la ukurasa, lishabadilishwa mara mbili tangu siku ile na wala halitawasaidia. Nitawaeleza namna wanavyofanya, maana mchezo wenyewe haubadiliki.

Nilielekezwa kwenye yadi moja Ilala. Seti imepangwa vizuri, imepakwa mafuta mpaka inang'aa, unaweza kujiona uso. Jamaa mchangamfu kupita kiasi, kila sentensi "bosi wangu". Nikamuuliza ni za mwaka gani, nikidhani nimeuliza swali la kitaalamu. "Za 2023 hizo bosi wangu, zimetoka kwenye gari la mzungu, kazitumia miezi miwili kabadilisha." Nikainama kutafuta zile namba za DOT ubavuni, yaani namba za utambulisho wa tairi ambazo nne za mwisho ni tarehe ya kutengenezwa, nikaziona, lakini hazikuwa na tarakimu nne za mwisho. Akasema zimefutika kwa tope.

Hapo ndipo ulipo ufunguo wa wizi wote huu. Tarehe ya kutengenezwa tairi mara nyingi huandikwa ubavu mmoja tu. Ubavu wa pili una DOT fupi isiyo na tarehe. Ukilifunga tairi kwenye rimu huku upande wa tarehe ukiangalia ndani, mteja mgeni hataiona mpaka alitoe au alale chini ya gari na tochi. Ndiyo maana wanakuuzia "seti". Rimu ni pazia. Nyuma ya pazia hilo inafichwa tarehe, zinafichwa nyufa, kinafichwa kiraka, na wewe unaangalia upande uliopakwa mafuta.

Baada ya kukubaliana bei zikaanza nyongeza. Bila spesa, kile kipande cha chuma kinachokaa nyuma ya rimu kuisogeza nje, tairi litasugua kwa ndani: 130,000. Nati za kufungia: 30,000. Ufundi: 40,000. Nikatuma yote kwa lipa namba, jina lililotokea ni la mwanamke nisiyemjua, sikuhoji. Risiti ya EFD sikuomba, na ningeomba wangenicheka.

Kijana wao alipoanza kukaza nati za spesa kwa bunduki ya upepo, ya kwanza ililia. Mlio mwembamba wa chuma kinachokula chuma, mpaka meno yanakufa ganzi. Nikauliza. "Kawaida bosi, rangi hiyo inakwaruzika." Sasa nawaambia nilichokuja kukijua baadaye: Escudo ya muundo huu na RAV4 zote mbili zina matundu matano ya nafasi ile ile, 5x114.3, kwa hiyo rimu ya moja inaingia kwenye nyingine kama mkono kwenye glovu. Lakini stadi (bolti zinazoshika gurudumu) za Suzuki, yaani Escudo, zina uzi wa 12x1.25 na za Toyota, yaani RAV4, ni 12x1.5. Nati ya Toyota kwenye stadi ya Suzuki inaingia mizunguko miwili hivi, kisha inagoma. Kwa mkono utaisikia. Kwa bunduki ya upepo inapita tu, inatafuna uzi na kukaa pale ikiwa imekwama. Haijakaza, imekwama. Spesa na nati zangu zilikuwa za Toyota.

Nikatoka getini nikakata kona kulia: krrrrr. Nikarudi. Jamaa hakushtuka hata kidogo, kaja na kisu na nyundo. Kakata ile plastiki ya ndani ya digadi, kagonga na ukingo wa bati kuulaza. "Tayari bosi wangu." Kisha akaomba anipige picha ya ukurasa wao, gari likiwa na viatu vipya. Nikaegemea boneti, nikanyanyua kidole gumba. Hiyo picha tutarudi kwake.

Siku kumi na moja baadaye nikaanza safari ya Lushoto na shangazi yangu nyuma. Maeneo ya Mlandizi nikasimamishwa, tochi imesoma 57 kwenye eneo la 50. Mimi dashibodi yangu ilikuwa inasoma 53, tena nilikuwa naitazama kwa sababu nilimwona afande kwa mbali. Nikabisha kwamba tochi yake mbovu. Faini 30,000, nikalipa nikinung'unika. Afande alikuwa sahihi.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita, ningeifanya kabla ya kununua ningejiokoa. Tairi la kiwandani la Escudo yangu ni 225/70R16. Upana ni milimita 225, kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, yaani 157.5, na kiko juu na chini ya rimu, kwa hiyo 315. Rimu ni inchi 16, sawa na milimita 406. Jumla 721. Fanya hivyo hivyo kwa 245/75R16 unapata 774. Tofauti ni zaidi ya asilimia 7. Dashibodi inahesabu mizunguko, haijui kwamba kila mzunguko sasa unakwenda mbali zaidi. Kutoka kiwandani nyingi husoma juu kidogo ya mwendo halisi, na tairi kubwa linakula akiba hiyo yote na kukudai nyingine. Na faida niliyoifuata, gari kunyanyuka? Nusu ya tofauti tu ndiyo inayoingia chini ya gari. Sentimita 2.6. Laki tisa na ishirini kwa sentimita mbili na nusu.

Tukapita Chalinze, tukavuka Wami. Kabla ya kufika Mkata shangazi akauliza, "Mwanangu, huku chini kuna mtu anapiga debe?" Mtikisiko ukaanza kwenye kiti, ukahamia kwenye usukani. Nikaachia mafuta, na hapo hapo ukaja mshindo, gari likavuta kulia. Namshukuru Mungu hakukuwa na basi linakuja. Niliposhuka nikakuta ngozi ya tairi la nyuma imebanduka nzima kama gome la mti, inaning'inia kwa nyaya, na kabla ya kubanduka imeshapasua bampa na kulikunja digadi. Shangazi hakusema neno. Alitoa tasbihi yake akakaa kwenye kivuli.

Kijana wa pancha aliyekuja kutoka Mkata kwa bodaboda ndiye mwalimu wangu, na alinitoza elfu kumi tu kwa somo zima. Alilitazama lile gome mara moja, akauliza, "Kaka, nani kakuuzia hili? Limechongwa." Akanionyesha. Akachukua msumari, akaukwaruza kwenye mfereji kati ya meno mawili, na chini kabisa ya mfereji, mahali ambapo kuna mpira mwembamba kama karatasi, ikatokea rangi ya kahawia. Kutu. Nyaya za chuma za tairi zilikuwa zimeshaanza kuota kutu kwa sababu mtu alichukua tairi kipara, akapitisha kisu cha moto, akachimba meno mapya kwenye mpira usiotakiwa kuchimbwa. Tairi likiwa barabarani kwenye joto, maji na mchanga vinaingia, nyaya zinaachana na mpira.

Kuna matairi ya malori yaliyotengenezwa yawe na mpira wa kutosha kuchongwa upya, na yameandikwa hivyo ubavuni. La gari dogo kama langu, likishaisha limeisha.

Akalala chini ya gari na tochi ya simu kuniangalizia mengine matatu. Akawa anasoma kwa sauti: "1112... 4013... hili 0814." Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yaani la kwanza lilitoka kiwandani wiki ya 11 ya 2012. Hayakuwa hata ndugu. Moja, baadaye lilipovuliwa kwenye rimu, lilikuwa na kiraka ndani ya ubavu ukubwa wa kiganja changu. Ubavu hauzibwi, wakuu. Ubavu unapinda kila mzunguko, kiraka hakikai.

Na nati? Mbili zilikataa kabisa kufunguka, ya tatu ilitoka na stadi yake. Tairi la akiba lilikuwa lile dogo la kiwandani, akanionya nisiende nalo mbali, kwani Escudo hii inavuta kwa magurudumu yote muda wote, na gurudumu moja likiwa fupi kwa sentimita tano difu, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu, inafanya kazi bila kupumzika mpaka ichemke. Tukalala Mkata.

Sasa ukienda kununua, fanya hivi, na usione aibu. Mwambie avue tairi kwenye rimu mbele yako kabla hujalipa. Elfu chache za fundi wa pancha, toa mwenyewe. Akikataa, ondoka, jibu umeshapata. Likivuliwa soma pande zote mbili, pitisha mkono ndani kutafuta kiraka au mahali palipovimba. Futa ubavu kwa kitambaa kikavu mpaka mafuta yatoke, kisha bonyeza uone kama kuna nyufa ndogo ndogo kama za kisigino kilichokauka. Kampuni nyingi za matairi zenyewe husema likifika miaka 10 liondoke barabarani hata kama meno yapo. Halafu angalia ndani ya mifereji mikubwa: tairi halali lina vigingi vidogo vya mpira vinavyokatiza mfereji, vimeinuka milimita 1.6, vya kukuonyesha limeisha. Lililochongwa vigingi hivyo vimekatwa, au vimebaki nusu, na kingo za mfereji zina mikwaruzo ya kisu, mahali pengine kina kirefu, mahali pengine kifupi. Kwenye nati, sharti moja tu: zianze kwa vidole. Nati isiyokwenda mizunguko mitano kwa vidole isikaribiwe na bunduki ya upepo.

Polisi nilikwenda, nikapewa RB, yaani namba ya taarifa yangu. Swali la kwanza lilikuwa risiti, la pili lilikuwa jina la muuzaji, na mimi nilikuwa na jina la mwanamke kwenye ujumbe wa simu na "bosi wangu" nyingi. Laini ya jamaa haipatikani, WhatsApp kaniblock. Yadi nilipoirudia nilikuta wanauza milango ya aluminiamu, wanasema walipanga wiki iliyopita. Ukiwa na risiti ya EFD walau una kitu cha kuwapelekea FCC (Tume ya Ushindani), mimi sikuwa nacho.

Sasa hivi gari limevaa 235/70R16 mpya, za kichina, kwenye rimu zangu za zamani. Milimita 735, asilimia 2 tu juu ya za kiwandani, hazisugui popote, spesa nimetupa. Nilinunua mbili kwanza, nikakaa miezi miwili na nusu bila kwenda popote mbali, nikamalizia mbili. Kijijini nafika. Tumbo bado linagusa mahali pamoja, karibu na kwa mzee wa msikiti, na nimejifunza kupapita upande wa kushoto.

Ile picha bado inatumika. Juzi rafiki yangu kanitumia tangazo, ukurasa una jina jipya, "wateja wetu wanafurahi", seti 780,000. Ukiona Escudo ya kijivu na mtu mwenye shati la drafti kanyanyua kidole gumba, ndiyo hao. Huyo ni mimi.