Kabla ya Kununua Bunduki ya Pampu ya Bei Nafuu, Tazama Chemba Yake

Bunduki yangu ya kwanza ya marisau, ya pampu, yaani ile unayoipakia kwa kuuvuta mkono wa mbele na kuurudisha, niliinunua kwa sababu ya kitako chake. Kilikuwa cha mbao nyeusi iliyong'arishwa vizuri, na muuzaji alipouvuta mkono wa mbele na kuurudisha, bolti, kile chuma kinachoufunga mtutu kwa nyuma, iliteleza bila kukwama hata kidogo, nami nikaamini kwamba chuma kinachoteleza hivyo dukani kitateleza hivyo hivyo kazini. Nililipa, namba ya bunduki ikaandikwa kwenye cheti changu, nikarudi nyumbani Njoro nimeridhika kabisa.

Wiki iliyofuata niliipeleka uwanja wa shabaha. Risasi ya kwanza na ya pili zilitoka bila taabu. Baada ya risasi ya tatu niliuvuta mkono wa mbele, haukusogea. Nikavuta kwa nguvu zaidi, ukaachia ghafla, nikadhani ganda tupu la risasi limetoka, kumbe lilikuwa limebaki ndani ya chemba, na risasi ya nne ilikuwa imekwisha kupanda na kujibana nyuma yake. Msimamizi wa uwanja aliichukua, akahakikisha mtutu umeelekea chini kwenye udongo, akaitoa ile risasi nzima, kisha akalisukuma ganda kwa ufito kutoka mdomoni mwa mtutu. Aliponiwekea ganda hilo kiganjani, niliona mambo mawili. Ukingo wake ulikuwa umeng'oka kipande cha upana wa ukucha wa kidole kidogo, mahali pale ambapo bunduki hulishika ganda ili ilivute. Na kwenye kitako cha ganda, kilichong'aa kama shaba, kulikuwa na mikwaruzo myembamba iliyozunguka duara zima, kana kwamba mtu amelizungusha ndani ya tupa.

Tangu siku hiyo wakulima wenzangu kadhaa wa Molo, Rongai na Subukia wamenisimulia kisa hicho hicho kuhusu bunduki za aina mbalimbali, na kila mmoja alikuwa ameambiwa na muuzaji kwamba kosa ni lake, eti hakuvuta kwa nguvu. Kwa hiyo mwongozo huu namwandikia mtu ambaye tayari ana cheti cha kumiliki silaha, ana kabati la chuma la kuihifadhia, na anataka bunduki ya pampu ya geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu) isiyo ghali kwa ajili ya ulinzi wa boma na mifugo au kwa shabaha za sahani za udongo. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku nchini mwetu Kenya mwaka 1977, basi habari za kuwinda tuziweke kando. Urefu wa mtutu, uzito na idadi ya risasi pia sitavigusa, kwa kuwa hayo kila muuzaji atakueleza hata usipouliza. Ninachotaka kukueleza ni kile ambacho hakuna muuzaji aliyewahi kunionyesha kwa hiari yake: ukuta wa ndani wa chemba.

Chemba ni ile sehemu ya nyuma ya mtutu inayoipokea risasi. Hutobolewa kiwandani kwa keekee maalumu, na keekee hiyo huacha alama za duara ndani ya chuma. Kwenye bunduki iliyotengenezwa kwa uangalifu alama hizo husuguliwa mpaka zikaisha. Kwenye bunduki iliyotengenezwa kwa haraka ili iuzwe kwa bei ya chini, usuguaji ndio huwa wa kwanza kuachwa, kwa sababu mnunuzi hauoni. Risasi inapolipuka, kitako cha ganda hutanuka kwa shinikizo na kujaza kila mfereji uliomo ukutani. Kama kitako hicho ni cha shaba, baada ya kutanuka hujikunja tena kidogo na kuachia. Kama ni cha chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na risasi nyingi za bei nafuu ziko hivyo, hakijirudi vizuri, hubaki kimeng'ang'ania. Joto la risasi za kufuatana hulizidisha tatizo, na masizi pamoja na plastiki iliyoyeyuka hujaa katika mifereji hiyo hiyo. Ndiyo maana bunduki mbovu huweza kufaulu katika risasi mbili za kwanza na kukushinda kwenye ya tatu.

Bunduki inayojipakia yenyewe hutumia nguvu ya mlipuko kulitoa ganda, bali kwenye pampu nguvu yote ni ya mkono wako. Na nguvu hiyo hupitia kwenye kipande kidogo sana cha chuma kilichopinda kama ukucha, kinachoshika ukingo wa ganda. Ukivuta kwa hasira, ama ukucha utateleza, ama ukingo utang'oka kama ulivyong'oka wangu. Mtu anayekuambia uvute kwa nguvu zaidi anakuelekeza kwenye uharibifu.

Upimaji wenyewe hauchukui hata dakika tano. Kwanza hakikisha bunduki haina risasi, kwa macho na kwa kidole, kwenye chemba na kwenye bomba la chini linalobeba risasi. Kisha mwombe muuzaji aufungue mtutu. Kwenye bunduki nyingi za aina hii ni kuvuta bolti nyuma na kufungua kifuniko kilicho mwisho wa bomba la risasi, mtutu unatoka. Mulika tochi kutoka mdomoni na utazame chemba kutoka nyuma. Ukuta mzuri hung'aa kama ndani ya kikombe cha chuma. Ukuta mbaya huonyesha mistari ya duara iliyofuatana kama nyuzi za parafujo. Macho yakikudanganya, chukua kipande cha pamba, kizungushe kwenye kijiti, ukipitishe taratibu ukutani: pamba ikitoka na nyuzi zimenyofoka, chuma hicho kitalinyofoa na ganda. Mwisho, dondosha ndani ganda lililokwisha kutumika katika bunduki nzuri. Linapaswa kuingia na kutoka kwa kusukumwa na kidole tu.

Beba pia sumaku ndogo. Iguse kwenye kitako cha risasi unayouziwa. Ikinasa, hicho ni chuma, rangi yake iwe ya dhahabu namna gani. Sisemi usizinunue risasi hizo. Nasema usiipime bunduki yako kwa risasi za shaba kisha ukailinda familia kwa risasi za chuma.

Sasa nizipange bunduki zenyewe kwa ubora ninavyouona. Ya kwanza kwangu ni Mossberg, nami sifichi kwamba naipenda. Nazungumzia Maverick 88, ambayo ndiyo ya bei ya chini katika ukoo huo, pamoja na kaka yake Mossberg 500, iliyokuwako tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ambayo zaidi ya milioni 10 zimetengenezwa. Sababu yangu kubwa ni kwamba bolti yake ina kucha mbili za kulishika ganda, moja kila upande, badala ya moja. Ganda likikwama, nguvu ya mkono wako hugawanyika pande mbili za ukingo, na hilo pekee lingetosha kuniepusha na aibu ya siku ile uwanjani. Tena kile chuma kinacholirusha ganda nje kimefungwa kwa skrubu, kwa hiyo kikichakaa fundi hukibadilisha kwa bisibisi. Kwenye Remington 870 chuma hicho kimepigiliwa kwa ribiti, na kukibadilisha ni kazi ya fundi hodari mwenye vifaa, ambaye huku kwetu si rahisi kumpata.

Wauzaji huichongea Mossberg kwa mambo mawili. Hukutikisia mkono wake wa mbele ili usikie unavyocheza na kugongagonga, na ni kweli hugongagonga, lakini mlio huo hauzuii risasi kuingia wala ganda kutoka. Kisha hukuambia kwamba mwili wake ni wa alumini, si chuma. Hilo nalo ni kweli, ila bolti yake hujifunga kwenye kipande cha chuma kilichoungana na mtutu wenyewe, na shinikizo la mlipuko huishia hapo bila kuutegemea ule mwili wa alumini. Tofauti inayofaa kuijua kati ya ndugu hawa wawili ni mahali pa kifungo cha usalama: kwenye 500 kiko juu, karibu na kidole gumba, na kwenye Maverick kiko kwenye duara la kifyatulio. Amua kipi mkono wako unakizoea, usikibadilishebadilishe. Pamoja na mapenzi yangu yote, hata Maverick naipima chemba kabla ya kulipa.

Ya pili ni Winchester SXP, inayotengenezwa Uturuki. Chemba yake na mtutu vimepakwa kromu ngumu ndani, na mtu makini ataniuliza kwa nini basi isiwe ya kwanza, ikiwa kilio changu chote ni cha chemba. Swali ni la haki. Kromu hupunguza msuguano na huzuia kutu, jambo lenye thamani kubwa kwa anayeishi Kisumu, ambako unyevu wa ziwa huingia hadi ndani ya kabati, au Molo, ambako ukungu wa asubuhi hulowesha kila chuma. Ila vipuri na mafundi wa Mossberg nimewaona kwa urahisi zaidi, na zile kucha mbili siwezi kuziacha. Ukiishi kando ya ziwa, ibadilishe nafasi yake na ya kwanza, sitakulaumu.

Ya tatu ni Remington 870, na hapa inanilazimu kutenganisha. Bunduki hii imekuwa sokoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, na matoleo yake ya zamani yaliyoitwa Wingmaster yalisuguliwa kwa uangalifu ambao leo ni nadra. Ukiipata moja ambayo mwenyewe aliitunza, na chemba ikapita kipimo cha pamba, ichukue. Express, toleo la bei nafuu lililotoka mwaka 1987, ni habari nyingine. Malalamiko ya chemba zenye mikwaruzo na maganda yenye kitako cha chuma kung'ang'ania yaliiandama kwa miaka mingi, na rangi yake isiyong'aa hushika kutu upesi isipopakwa mafuta. Mwili wake wa chuma ni imara kweli, na chemba yake huweza kurekebishwa: fundi huzungusha nyuzi laini kabisa za chuma zenye mafuta ndani ya chemba mpaka mikwaruzo ilale, bila kupunguza sana chuma chenyewe. Usifanye kazi hiyo mwenyewe kwa msasa. Na ikiwa unaipata Express, gharama ya fundi iondolewe kwenye bei, usikubali kuibeba wewe.

Zilizobaki, yaani pampu za Kituruki za bei ya chini kabisa na zile za Kichina zilizoigizwa kutoka 870, zinatofautiana moja hadi nyingine hata zikiwa zimetoka katika sanduku moja. Kipimo cha pamba na ganda ndicho kitakachokuambia.

Kinachoniumiza zaidi ni jinsi biashara hii inavyomfunga mnunuzi. Maverick 88 huko Marekani kwa kawaida haifiki dola 300, ilhali huku nimetajiwa bei inayoizidi hiyo mara kadhaa, na hilo ningelivumilia, kwa sababu najua kuna usafiri, ushuru na leseni. Nisilolivumilia ni kuuziwa kitu cha bei hiyo bila ruhusa ya kukitazama ndani. Idadi ya risasi ninazoruhusiwa kuwa nazo imeandikwa kwenye cheti, kwa hiyo siwezi kununua maboksi kadhaa ili nijaribu ipi inakwama. Na namba ya bunduki ikishaandikwa, kuirudisha si kama kurudisha redio. Ni barua, ni foleni, ni safari za Nairobi na kurudi, huku muuzaji akijua fika kwamba wengi wetu tutachoka. Niliporudi na ganda langu lililong'oka ukingo, yule aliyeniuzia alilitazama kwa sekunde chache, akaniuliza ni nani aliyenifundisha kulenga.

Nilipokwenda kununua Maverick yangu, duka la kwanza lilikataa kuufungua mtutu, wakisema kifuniko kitakwaruzika na hakuna mteja mwingine atakayekitaka. Nilirudisha pamba na tochi mkobani nikaondoka. Duka la pili, mzee aliyekuwa kaunta alinisikiliza hadi mwisho, akatandika kitambaa, akaufungua mtutu mwenyewe na kunishikia tochi. Bunduki ya kwanza aliyonitolea ilinyofoa pamba. Akaiweka kando bila ubishi, akaleta ya pili ya aina ile ile, bei ile ile, na hiyo ndiyo iliyomo kabatini mwangu hadi leo.