Mizani ya mabegi ilivyotuliza gurudumu la pua la RV-9A yangu

Nianze na bidhaa yenyewe. Ni mizani ya kidijitali ya kupimia mabegi ya safari, ile ndogo yenye mshikio juu na ndoano chini, inayobeba mpaka kilo 50. Bei yake dola 12. Aliyeinunua ni mama yangu alipokuja kututembelea hapa Texas, kwa sababu shirika la ndege lilimruhusu mabegi mawili ya kilo 23 na zawadi za wajukuu wa Tanga zilikuwa zimeshavuka hapo. Mizani hiyo ndiyo iliyomaliza tatizo lililonisumbua miezi minane kwenye ndege niliyoijenga kwa mikono yangu.

Ndege ni RV-9A, viti viwili ubavu kwa ubavu, injini ya Lycoming O-320 ya nguvu za farasi 160. Niliijenga gerejini kwa miaka saba, ribiti baada ya ribiti, na FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, ikanipa cheti kinachoniruhusu kuifanyia mwenyewe ukaguzi wa kila mwaka. Hiyo A mwishoni mwa jina maana yake gurudumu la tatu liko puani, si mkiani.

Gurudumu hilo la pua halijaunganishwa na pedali. Linajizungukia lenyewe kama magurudumu ya mbele ya toroli la supamaketi, na ukitaka kukata kona ardhini unagusa breki ya upande mmoja. Aliyewahi kusukuma toroli bovu anajua linavyokuwa: ukifika mwendo fulani gurudumu moja linaanza kupigapiga kushoto na kulia, na ukizidi kusukuma ndivyo linavyochachamaa. Marubani wa huku wanauita mtetemo huo shimi. Kwenye toroli ni kero tu. Kwenye RV-9A gurudumu limeshikwa na fimbo moja ndefu ya chuma inayotoka kwenye fremu ya injini, kwa hiyo kinachotikisika kule chini kinapanda moja kwa moja hadi kwenye injini, dashibodi na meno ya aliyekaa ndani.

Ilianza kidogo kidogo. Nikitua, kasi ikishuka kufika kama maili 30 kwa saa, nilisikia mtekenyo miguuni, sekunde moja, halafu kimya. Nikasema ni lami ya uwanja wetu, ina mabaka. Baada ya mwezi ikawa sekunde tatu. Siku niliyompandisha mama, tulitua vizuri kabisa, magurudumu makubwa yakagusa kwanza, nikashikilia pua juu hadi ikashuka yenyewe. Ilipogusa tu, dashibodi nzima ikawa ukungu. Sikuweza kusoma hata geji moja mbele yangu. Nilivuta usukani hadi mwisho ili pua ipungukiwe na uzito, na mtetemo ukakatika.

Mama alikuwa ameshika mkanda wake kwa mikono miwili. "Mwanangu, ndiyo kawaida yake hii?"

"Hapana, mama. Siyo kawaida. Naishusha chini mpaka niipatie dawa."

"Basi ishushe," akasema, na hatukuongea tena mpaka tukazima injini.

Mtu wa kwanza niliyemlipa ni karakana moja ambayo siitaji. Walinifungia tairi jipya na tyubu mpya, wakakagua beringi, wakanitoza dola 240. Niliporuka tena mtetemo ulikuwepo, na sasa ulianza mapema zaidi. Nilipolifungua gurudumu mwenyewe nikaona sababu ya hilo la mapema. Matairi ya ndege huja na nukta nyekundu ubavuni, inayoonyesha sehemu iliyo nyepesi kuliko nyingine. Nukta hiyo inatakiwa ikae kwenye valvu, au kwenye alama ya uzito ya tyubu kama ipo, ili wepesi wa tairi na uzito wa tyubu vifutane. Langu lilifungwa nukta ikiwa upande wa pili kabisa wa valvu. Uzito wote ulilalia upande mmoja.

Nikanunua stendi ya kubalansi magurudumu ya pikipiki, dola 65. Unapitisha shafti katikati ya gurudumu, unaiweka juu ya vibao viwili vyenye beringi laini, unaliacha. Upande mzito unajishukia wenyewe chini. Unabandika vipande vya risasi upande wa juu, gramu tano tano, mpaka gurudumu likae popote unapoliacha. Langu lilikula gramu 35 hata baada ya kulirudisha tairi mahali pake. Hapo hapo nikashika penseli karibu na kashata za tairi na kulizungusha polepole, kuona kama limekaa umbo la yai badala ya duara. Halikuwa hivyo. Stendi hii naisifu bila kusita, ila ukweli ni kwamba ilinipunguzia shimi nusu, haikuiondoa. Nilicheza na upepo pia, kutoka psi 25 hadi 35. Kila nilipobadilisha, kasi ya kuanza mtetemo ilihama maili chache juu au chini. Mtetemo wenyewe ulibaki.

Kabla ya kutumia hela nyingine nilifunga kamera ndogo chini ya bawa, nikailekeza puani. Hili namshauri kila mwenye tatizo hili alifanye kwanza, maana ukiwa ndani huwezi kujua kinachotetemeka ni kipi. Kwenye RV zenye gurudumu la pua hata miguu mikubwa ya nyuma inaweza kutetemeka mbele na nyuma, na wengine huibandikia ubao mwembamba na kuifunga kwa faiba ili iwe migumu. Kwenye video yangu miguu ya nyuma ilikuwa imetulia tuli. Uma wa gurudumu la pua, yaani chuma cha panda kinachoshika ekseli, ndio uliokuwa unapiga mkia kama samaki aliyetolewa majini, kushoto kulia, haraka hata picha zilizopunguzwa kasi hazikuuonyesha sawasawa.

Rafiki yangu mmoja mwenye Cessna 172 aliniambia nifunge dampa kama ya kwake, silinda ndogo yenye mafuta inayozuia pua isipigepige. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta mtu wa kunichongea vishikio. Lakini RV-9A haina silinda hiyo. Inategemea msuguano peke yake. Chini kabisa ya mguu wa pua, pale uma unapozungukia, kuna washa zenye umbo la kisahani zinazobanwa na nati kubwa. Ukikaza nati, visahani vinalala na kuubana uma. Ukilegeza, vinainuka na uma unazunguka kirahisi. Mjenzi anaambiwa akaze mpaka ihitajike nguvu ya pauni 22, ikivutwa kwenye ekseli, ndipo uma uanze kugeuka. Niliifanya kazi hiyo siku ya kwanza na sikuigusa tena. Kwa mwaka mzima na zaidi sikuigusa.

Jioni moja mama alikuwa anapanga mabegi. Mizani ilikuwa inaning'inia kwenye mlango wa chumba, begi la bluu likibembea chini yake, na kioo kidogo kikisoma 22.90. Nilisimama pale nikiitazama. Pauni 22 ni karibu kilo 10. Ndoo ya lita 10 za maji. Nilimwomba mama aniazime kwa saa moja.

"Si ndege nzima unataka kuipima?" akauliza.

"Pua tu, mama."

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Ndege inainuliwa pua kwa kuufunga mkia kwenye ndoo iliyojazwa zege, hadi gurudumu la mbele lining'inie. Kava la gurudumu linatolewa. Ndoano ya mizani inafungwa kwenye ekseli, si kwenye tairi wala juu ya uma, maana ukivuta mahali pengine unapata namba nyingine. Unavuta kwa ubavu, pembe mraba na uma, polepole, mpaka uanze kusogea na uendelee kusogea. Ukivuta kwa mshazari mizani inakudanganya kwa kusoma zaidi. Mtu wa pili anasoma namba, kwa sababu wewe macho yako yako kwenye uma. Mke wangu alinisomea.

"Nne nukta moja," akasema.

Nikavuta tena. Nne. Upande wa pili, nne nukta tatu.

Kilo nne. Pauni tisa, pale palipotakiwa 22. Sikuwa na la kusema. Visahani vilikuwa vimejikalisha, grisi niliyokuwa naipiga kwa ukarimu kila nilipobadilisha mafuta ya injini ilikuwa imepenya kila mahali, na nati haikuwa imesogea hata chembe kwa sababu pini yake iliishikilia palepale nilipoiacha siku ya kwanza. Kwa macho kila kitu kilikuwa sawa. Nilipoushika uma kwa mkono na kuuzungusha nilihisi mgumu kiasi, na miezi yote hiyo mkono wangu ndio niliouamini.

Nilivifungua vyote, nikafuta grisi ya zamani, nikapaka mpya kidogo, nikarudisha. Hapo nikakutana na shida ambayo wajenzi wengine watakutana nayo: nati ina nafasi chache za pini. Nafasi moja ilinipa pauni 18, inayofuata 27. Niliongeza shimu, kipande chembamba cha kujazia nafasi, chini ya nati, nikapata 22 na nusu upande mmoja, 22 upande mwingine. Kabla ya kufunga nilipita na tochi na kioo cha daktari wa meno kwenye uma, kwenye maungio ya fremu ya injini na kwenye boliti inayoshika mguu wa pua, nikitafuta ufa au tundu lililopanuka. Baada ya miezi minane ya kutikiswa ukaguzi huo hauna hiari. Sikupata kitu, alhamdulillahi. Nati za ekseli nazo nilizikaza upya hadi beringi isiwe na mchezo wala isizuie gurudumu.

Nilipotua mara ya kwanza baada ya hapo nilisubiri. Maili 40, 35, 30, 25. Lami yenye mabaka ikapita chini yangu, nikasikia mabaka tu. Nikageuza, nikaruka tena, nikatua mara sita. Dashibodi ilisomeka mwanzo hadi mwisho.

Sasa nirudi kwenye mizani, maana ndiyo ninayoihakiki. Naipa nyota nne kati ya tano. Inapima kwa kilo na kwa pauni, kitufe kimoja kinabadilisha. Niliijaribu kwa lita 10 za maji nikitoa uzito wa ndoo, ikakosea gramu 40 tu, ambazo kwa kazi hii si kitu. Betri yake ni ile bapa ya saa, inapatikana popote. Ninachoinyima nyota ya tano ni jinsi inavyoganda. Imetengenezwa isubiri begi litulie ndipo iishike namba, lakini uma ukishaanza kugeuka haukai ukatulia. Ukivuta kwa pupa itashika namba isiyo yenyewe. Dawa yake ni kuvuta polepole na kuirekodi kioo chake kwa simu, kisha unarudi kuangalia namba ya wakati uma unapong'oka. Ndoano nayo ni nene kwa ekseli yangu, nikatumia kipande cha mkanda wa nailoni kuiunganisha. Mizani ya springi ya kupimia samaki ingefanya kazi hiyohiyo bila kuganda, na mwenye nayo asinunue nyingine.

Kwa wenye ndege za aina nyingine, namba yangu isiwe namba yenu. RV-10 kwa mfano ni nzito zaidi na ina kipimo chake kwenye vitabu vyake. Pia, kwa wenye RV za zamani zenye gurudumu la pua: mwaka 2007 kulitoka waraka wa huduma uliobadilisha uma ili nati ile ya chini ikae juu zaidi kutoka ardhini. Ukiwa umeshapiga magoti kupima, angalia na uma ulionao ni upi.

Mama aliondoka na mizani yake, akafika Tanga salama, mabegi yote mawili yakiwa chini ya 23. Mimi nilinunua nyingine ya aina ileile siku iliyofuata, inaning'inia kwenye msumari kando ya kabati la spana. Baada ya kutua mara ishirini nilipima tena, ikasoma 19, visahani vikiendelea kujikalisha. Nikairudisha 22. Jumamosi iliyopita, baada ya saa 30 angani, imesoma 21 na nusu. Nimeweka pini mpya, nimeandika namba kwenye daftari la ndege na tarehe yake.